Shairi la Kuomba Mvua

Shairi la mvua amelitunga mdogo wangu. Mama aliniambia hivyo kabla sijatua begi nililotoka nalo Handeni.

Vuli haikunyesha Mnyuzi, na masika yamechelewa. Wazee wa msikiti walipanga sala ya kuomba mvua, uwanjani, juani, watu wageuze nguo nje ndani ili Mungu naye atugeuzie hali. Hapa kwetu, kabla ya sala husomwa shairi. Nilirudi kwa ajili ya shairi hilo. Mimi ndiye niliyesifiwa kwa tungo tangu sekondari. Nimetunga Hale, nimetunga Chanika, kila nilikopanga chumba, na karibu kila mara nilitunga juu ya bonde la nyumbani. Mdogo wangu hajawahi kuhama. Analima, basi.

"Ungepatikana wapi?" mama alisema. "Tukikutafuta Handeni, uko Hale. Mvua ingekusubiri?"

Uwanjani mdogo wangu alisimama na shati la kijani, mishono nje. Alimtajia Mungu mahindi yaliyosinyaa na mbuzi wanaokula maboksi. Kisha akasema: "Vyura wamenyamaza, Mola, nani atakusifu usiku?"

Nilitafuta kosa la vina, nikalipata moja, nikafurahi. Nyuma, upande wa wanawake, mtu akaanza kulia, na furaha yangu ikaisha. Vyura wale niliwasikia mimi kwanza. Mimi ndiye mkubwa.

Watu walipotawanyika nilimfuata mzee wa msikiti.

"Shikamoo mzee. Na mimi ninalo langu."

"Marahaba. La kuomba limeshasomwa. Wewe shika la kushukuru. Utalisoma ikinyesha."

Mdogo wangu alicheka. "Basi kaka, niombee langu likubaliwe!"

Ndiyo hali yangu sasa. Mimi nisiyekaa mahali nikazoeleka, niko Mnyuzi, shairi la kushukuru limekamilika, nangoja. Asubuhi natazama mawingu ya Usambara yakishuka hadi katikati ya mlima, halafu yanarudi. Nataka inyeshe nisome. Ikinyesha, watasema ni vyura wake.

Shati langu bado nalivaa nje ndani. Mama anasema nimezidisha, wenzangu walishageuza ya kwao siku ileile. Kila nikiswali naliombea shairi la mdogo wangu, kwa moyo kabisa, na nikisema amina roho inaniuma.