Kazi Nilizowahi Kufanya

Gundi ya bahasha ya kaki ina ladha ya uchachu na harufu kama ya maziwa yaliyolala, na mpaka leo nikilamba bahasha narudi shuleni. Naliona tena darasa letu la kidato cha nne pale Kasulu, ukungu umeshuka mpaka madirishani, mvua za Novemba zimeigeuza njia ya bwenini kuwa tope jekundu, na sisi tumeinamia madawati tukiandika barua ya maombi ya kazi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa Upareni. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na akailaumu baridi yetu kila asubuhi kana kwamba tumeileta sisi. Alituchorea mfano ubaoni: anuani yako kulia, ya mwajiri kushoto, neno Yah na mstari chini yake, na mwishoni kabisa, Wako mtiifu. Kisha karatasi ya pili, Maelezo Binafsi, yenye mistari ya namba. Wa kwanza jina, wa pili kuzaliwa, wa tatu kabila, wa nne elimu, wa tano kazi nilizowahi kufanya.

Barua zile hazikuwa zoezi tu. Lilikuwa limekuja tangazo kwamba kituo cha kupokelea wakimbizi kule Kibondo kinatafuta karani mkalimani, mwenye kidato cha nne, anayejua Kiswahili na Kiha. Nilipolisikia nilijua kazi hiyo ni yangu. Sisemi kwa majivuno. Nilikuwa nimeshaifanya.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka uleule nilikuwa nyumbani, karibu na Manyovu, na watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi na mikeka kichwani na watoto mgongoni. Nesi wa zahanati yetu alitokea Tanga. Mikono yake ilikuwa mizuri sana kwa wagonjwa, lakini Kiha hakujua hata kusalimia. Siku moja nilimpeleka mama akapewe dawa ya homa, nikawa namweleza nesi mama anaumwa wapi. Nesi akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe hutoki hapa." Nikakaa kwenye kigoda kando ya meza yake likizo nzima. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo wote walinielewa na mimi niliwaelewa. Niliuliza wanaume wazima wanaharisha tangu lini. Niliuliza wanawake damu imeanza saa ngapi. Chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu na nguo zilizolowa, na jioni nilikuwa nikirudi nyumbani koo limekauka kama nimehubiri.

Wiki ya pili aliletwa mtoto wa kike, kama miaka miwili, na hakufika jioni. Nesi alisimama pale akipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwambie mama yake," akasema, akageukia ukuta. Nikamwambia. Yule mama hakumtazama nesi hata mara moja. Alinitazama mimi, kwa sababu sauti ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Kwa hiyo nilipofika mstari wa tano niliandika hayo yote, ila habari ya mtoto. Mwalimu alipita akichungulia, akasimama juu ya dawati langu.

"Ulilipwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Una barua ya kuajiriwa?"

"Sina."

"Basi hiyo si kazi, binti. Hiyo ni kusaidia. Mwanafunzi hapo anaandika Hakuna. Usiidanganye serikali."

Mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, aandike na kuni anazobeba kwao," darasa likacheka, hata wasichana wenzangu. Gervasi peke yake hakucheka. Alikaa dawati la pembeni yangu, mtoto wa kijiji cha jirani. Alikuwa anaandika.

Nikachukua karatasi mpya. Nikaandika Hakuna kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipigia neno hilo mstari chini kwa rula. Nataka hili lieleweke: hakuna aliyenishika mkono. Nilitii, nikalamba bahasha, nikaifunga.

Mwezi wa pili nilipanda lori la maharage mpaka Kibondo, kwa mama mkubwa, nikaenda kusoma orodha iliyobandikwa ofisini. Lilikuwepo jina moja, la Gervasi. Nikamuuliza karani wa dirishani kwa nini yeye.

"Huyu ana uzoefu. Alikuwa mkalimani zahanati ya mpakani, mwezi wa sita."

Gervasi alifika zahanati ile siku moja tu, kumleta bibi yake mwenye jicho bovu. Mimi ndiye niliyemtafsiria bibi yake.

"Huyo aliyekuwa mkalimani ni mimi," nikasema.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alipekua faili, akaitoa karatasi yangu. "Mwandiko huu ni wa nani, dada?"

"Wangu."

"Nisomee mstari wa tano."

Nikausoma, foleni nzima ikisikiliza. Ningemtaja nesi anishuhudie, lakini alikuwa ameshahamishwa, na jina lake kamili sikulijua. Nilizoea kumwita Mama.

Gervasi alikuja kwa mama mkubwa Jumapili moja, tai shingoni, viatu vimejaa tope. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Alikaa, akanywa chai, akazungushazungusha kikombe. "Dada Yusta," akasema, "kuna mambo kule sijui niyasemeje. Mtu amefiwa na mtoto, mimi naambiwa nimwambie. Wewe ulikuwa unaanzaje?"

Ningemfukuza. Nikawaza watakaoketi mbele yake. Nikamwambia usiseme umesimama, kaa chini ulingane naye. Usimwambie mtoto ameondoka, atakuuliza ameelekea wapi. Sema neno lenyewe, mara moja, halafu nyamaza, usikimbilie kutoka. Gervasi akatoa kidaftari mfukoni akayaandika yote. "Asante kwa kunisaidia, dada."

Sasa miaka kadhaa imepita, Gervasi ana ofisi yenye pazia, na mimi nimeolewa hapahapa Kibondo na nina binti wa miezi minane. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Nesi ni mgeni, kahamishiwa juzi kutoka Dodoma. Kabla sijafika mbele alikuwa ameshanisikia nikiongea lugha zote mbili kwenye foleni, akaniita, "Dada, nisaidie huyu hasikii Kiswahili." Nikasaidia mmoja, wa pili, wa tatu, mtoto akinilia mgongoni. Zamu yangu ilipofika alifungua daftari, akauliza jina la mama, umri, kijiji. Kwenye kazi hakuuliza. Aliandika mwenyewe, na mimi nilisoma kichwa chini miguu juu: Hakuna.

"Futa," nikamwambia.

"Daftari la serikali halifutwi, dada. Ni neno tu hilo."

Nikaichukua kalamu mkononi mwake. Nikalikata lile neno kwa mstari ulionyooka, nikaandika juu yake Mkalimani, kwa mwandiko uleule wa Kasulu. Akasema nimeharibu daftari na atanishtaki kwa mganga mkuu. Nikamwambia anishtaki, nikamkaza binti mgongoni, nikaondoka.

Mlangoni bibi mmoja akanishika kitenge. Alikuwa na chupa ya dawa mkononi na hakujua ainywe vipi. Nesi alikuwa ananitazama, bibi ananitazama, benchi zima linanitazama. Nilirudi, bibi hana kosa. Lakini nilisimama mbele ya meza, nikaligeuza daftari limwelekee nesi, nikaweka kidole pale nilipoandika.

"Soma kwanza," nikasema. "Kwa sauti."

Akasoma. Ndipo nikamgeukia bibi, nikakaa chini tulingane, nikamuuliza anaumwa wapi.