Matanga ya Ndani ya Magari

Shangazi alipofiwa na mama yake, yaani nyanya yangu, hakuweza kusafiri kwenda nyumbani kuzika. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajatoka. Kilichobaki ni matanga. Mimi siendi kanisani na mengi ya dini yananishinda, lakini kumkalia mtu aliyefiwa ni jambo ambalo sijawahi kulihoji.

Anaishi Eden Prairie, kitongoji cha nje ya jiji huku ughaibuni, ghorofa ya tatu. Jengo lao lina ukumbi wenye makochi ya ngozi. Meneja alimwambia ni wa kuonyesha wapangaji wapya. Wageni wana nafasi tatu za kuegesha. Gari la nne huvutwa na kuondolewa. Kanisa lake hukodi ukumbi wa shule, Jumapili tu. Maktaba ilikuwa na chumba cha watu wanane, kuimba marufuku.

Basi mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, akaleta wazo ambalo kila mtu alilisifu: tukutane Jumamosi mchana kwenye maegesho ya duka kubwa lililofungwa, kila mtu abaki garini kwa ajili ya baridi, tuombe pamoja kwa simu ya kundi.

Mimi sina gari. Kutoka Frogtown, mtaa ninaokaa jijini, nilipanda mabasi mawili, kisha nikatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, theluji ikiniingia viatuni. Nilikuta magari kama ishirini yamejipanga, injini zikinguruma, watu wameinamisha vichwa nyuma ya vioo.

Mzee alishusha kioo kidogo. "Umekuja na nini?"

"Basi na miguu."

"Haiya! Miaka minne ya chuo na bado unatembea? Hiyo digrii haina magurudumu?"

Simu yake ilikuwa wazi. Nikasikia wengine wakicheka. Nikamwuliza kwa nini watu wasishuke, hata dakika tano, tumshike shangazi mkono.

"Kwa baridi hii? Unataka matanga mawili? Ingia bwana, joto linatoka."

Sikuingia. Nani aliketi ofisini akaamua kwamba gari lina haki ya kupumzika popote bila kuulizwa linangoja nini, na mtu hana? Na sisi, tuliolelewa katika nyumba zisizofungwa milango wakati wa msiba, tulikubali lini?

Nilikwenda kwenye gari la shangazi, nikaketi kando yake. Alijifunga leso juu ya koti. Kiti cha nyuma kilijaa vikombe, na chupa kubwa ya chai.

"Nilidhani watashuka," alisema.

Simu iliomba, naye akaitikia amina. Halafu ikaanza kulia titi, titi, kila mtu alipokata, na gari moja moja likageuka kwenda zake. Mlango wetu haukuguswa na mtu.

"Sasa wewe utarudije?" akaniuliza.

Ndivyo mfiwa alivyomwendesha aliyekuja kumfariji, nusu saa nzima, hadi Frogtown. Nilimsihi apande kwangu tukae. Theluji ilikuwa imeanguka, na mtaa mzima ulikuwa marufuku kuegesha hadi theluji izolewe. Akasimama katikati ya njia, akawasha taa za hatari, nikammiminia chai. Alipiga funda moja tu, kisha akaegemea usukani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya msiba.

Nilikuwa nimemshika bega. Gari la nyuma likapiga honi.

"Shuka, mwanangu," alisema, akijifuta uso. "Tunawazibia njia."