Binti Aliyewaogesha Mama za Watu

Ukimwona Agata kanisani kwetu Louisville utadhani anaringa. Ibada ikiisha watu hukumbatiana mpaka migongo inauma, maana Warundi hawana salamu ya haraka, na sisi Wakongo tukishika mkono wa mtu tunasahau kuuachia. Yeye husimama karibu na mlango, viganja viwili juu ya kifua, anainamisha kichwa, anatabasamu kwa macho tu juu ya barakoa. Wageni humwuliza mchungaji kama yule mama ana kidonda. Mimi ninayeishi naye ukuta kwa ukuta kule mtaa wa Iroquois huwajibu kabla mchungaji hajafungua mdomo. Nina hasira za karibu, sifichi. Mwacheni mama wa watu.

Tunamwita Mama Isaro, kwa jina la binti yake, na mimi ananiita Mama Elisée, kwa jina la kijana wangu. Ni Mrundi, alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akaolewa huko huko na Sylveri, wakaletwa Kentucky pamoja. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha. Kuna bibi mmoja pale aliyesahau majina ya wanawe wote, lakini Agata akiingia chumbani anafurahi.

Mwaka 2020 ugonjwa ulipoingia pale kazini, Agata hakuugua. Aliyeugua ni Sylveri. Hospitali haikuruhusu mtu kuingia, kwa hiyo alimuaga mumewe kwenye simu iliyoshikwa na muuguzi. Mwili uliletwa makaburini umefungwa, hakuna ndugu aliyeuosha, wala hatukulala chini pale nyumbani kumlilia kama inavyotakiwa. Tulikaa ndani ya magari yetu, vioo vimepandishwa, tukaimba hivyo hivyo.

Agata akaamua kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Hakuna aliyemshitaki. Daktari alimwambia hakuna awezaye kujua. Lakini mtu akijihukumu mwenyewe, rufaa ataipeleka wapi? Tangu siku ile hakumshika mtu yeyote mkono, isipokuwa wale wazee wa kazini, kwa glovu.

Sisi wengine tulipita hatua zote. Mwanzoni tuliogopa mpaka kivuli. Simu zilijaa sauti za watu tusiowajua wakitufundisha kuchemsha tangawizi, vitunguu saumu na majani ya mikaratusi. Mikaratusi ya Louisville utaipata wapi? Mimi nilinunua shada lake dukani, sehemu ya maua, nikaita majirani, tukajifunika blanketi juu ya sufuria. Kumbe lilikuwa limepakwa rangi ya fedha kwa ajili ya Krismasi. Tulitoka pale tunang'aa nyuso, na nyumba ikanuka rangi hadi Pasaka. Agata alicheka siku ile, akiwa nje, dirishani.

Ikaja aina ya pili ya kirusi, watu wakafunga na kuomba. Ikaja nyingine iliyotuangusha wote kwa mara moja, ghala zima ninakofanya kazi likakohoa, na tulipoamka tukaanza kutaniana. Siku hizi redio ikitangaza aina mpya yenye jina la herufi na namba, watu ghalani wanauliza kama kazi itafungwa. Wakisikia haifungwi, wanarudi kwenye maboksi. Si kwamba tumekuwa wajinga. Ukiishi na jirani mkorofi unajifunza tabia zake, huhami kila mwezi. Ukikohoa unajipima, unakaa mbali na wazee, unavaa barakoa, unachanjwa kabla ya baridi, na maisha yanaendelea.

Agata peke yake hakufika huko. Kwake kila aina mpya ilikuwa ile ile ya kwanza.

Na kilichokuwa kinamla moyo ni mama yake mzazi. Bibi Leya anaishi Buffalo kwa kaka yake Agata, Hakizimana. Mzee ana kisukari, na moyo wake umechoka. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana tangu Sylveri akiwa hai. Agata akifungasha nguo kwenda kumwona, inatangazwa aina mpya, anazirudisha kabatini. Isaro alimwambia kwa Kiingereza chake cha shuleni kwamba sasa ni kama mafua tu. Agata akamwambia binti yake mafua hayakumwacha yatima.

Jumapili moja ya vuli iliyopita nilikuwa jikoni kwake nikichambua sombe, majani ya muhogo, simu iko mezani, Bibi Leya anaongea. Agata alikuwa anamweleza, taratibu, kwamba wamesema kuna aina nyingine, kwamba labda wasubiri kidogo.

"Agata, mwanangu," mama yake akasema. "Unangoja kirusi kiishe. Nitaisha mimi kwanza."

Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mimi nikakasirika kwa niaba yake. Simu ilipokatika nikaacha majani.

"Bon, Mama Isaro. Ijumaa tunaenda. Gari iko, mimi niko. Hiyo aina mupya ikikuja, itatukuta mu njia."

"Wewe huogopi?"

"Minaogopa sana! Lakini mama yako minamuogopa zaidi. Hukusikia vile anasema?"

Ijumaa asubuhi tulijipima sote wawili, tukawa wazima. Agata alivaa barakoa njia nzima na kuacha kioo kimefunguka kidogo, upepo wa barabara kuu ukinipiga sikio mpaka likafa ganzi. Nilimtukana kwa Kishi, lugha asiyoijua.

Tulipanga kulala Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa Zenoni, mtoto wa shangazi yake. Tulipoegesha gari, Zenoni alitoka barazani amevaa barakoa, akanyoosha mkono kutuzuia.

"Msisogee! Watoto wameamka na homa. Nimewapima, ni corona. Nimewapigia simu mpaka nikachoka."

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji tangu Cincinnati, na ya Agata ilikuwa ndani ya begi, nyuma ya gari. Zenoni hakuona haya hata kidogo. Alirudi ndani, akaleta sufuria ya maharage na ndizi, akaiweka kwenye ngazi, akarudi mlangoni. Tukala kwenye nyasi zake na makoti yetu, Wazungu wakipita na mbwa wao wakitusalimia.

"Mwaka ule ningeficha," akatuambia kutoka kule mlangoni. "Tulifichana sana, jamani. Mtu anakohoa, anasema ni vumbi. Sasa tunaambiana, basi."

Agata alikuwa ameacha kula. "Turudi," akasema. "Hii ni ishara, Mama Elisée."

"Ishara ya nini? Weye, usiniletee ishara hapa! Zenoni amekuambia, hukuingia, hukumugusa mutu. Donc, kuambiana kumefanya kazi. Juu ya nini tunarudi?"

Tulilala kwenye hoteli ya kando ya barabara. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani amejipima tena, anakitazama kipimo. Kilikuwa safi. Nikamwambia Louisville iko kushoto, Buffalo iko kulia, mimi ni dereva tu. Alifunga mkanda, kisha akasema, "Kulia."

Buffalo tulikuta theluji ya mapema. Hakizimana alitufungulia, na Bibi Leya alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, blanketi magotini, kilemba kipya kichwani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwona kwenye simu. Agata alisimama mlangoni. Viganja vikapanda kifuani, kichwa kikainama.

Bibi Leya alivitazama vile viganja. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka nami nisikie:

"Huko kazini kwako unafanya nini?"

"Nawaogesha wazee, Mama. Unajua."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Mama za watu unawaogesha. Wa kwako unamsalimia kwa kifua."

Hakizimana alitaka kukohoa kwa aibu, akakimeza kikohozi chake, maana siku hizi hukohoi ovyo. Niliona barakoa ya Agata ikicheza.

"Kule nina glovu, Mama. Nina kila kitu."

"Basi zilete. Nimekukataza? Vaa hata koti la mvua. Mimi nataka kuoga."

Glovu zilikuwamo begini, boksi zima. Mimi nilibebeshwa taulo. Nilikuwa sijawahi kumwona Agata akifanya kazi yake, na nakwambia nilinyamaza, jambo ambalo mume wangu angelilipia tiketi. Alijaribu maji kwa ndani ya mkono. Alimfunika mama yake taulo kubwa, akawa anafunua sehemu moja tu anayoosha, kisha anaifunika, ili mzee asione baridi wala asione aibu. Na kabla ya kumgusa alimwambia kwanza, kama walivyofundishwa: "Mama, sasa naosha mkono wako wa kulia. Mama, sasa naosha mgongo."

"Unaniongelesha kama Mzungu," Bibi Leya akasema, lakini alikuwa amefumba macho.

Kwenye mgongo Agata alisimama. Kuna kovu pale, la kuanguka na mzigo wa kuni kambini, Agata akiwa mtoto. Aliliosha polepole, akarudia, akarudia tena, na machozi yakamtoka mpaka barakoa ikalowa, ikabidi nimletee nyingine. Bibi Leya akageuka, akaushika ule mkono wenye glovu, akauweka shavuni pake, akaanza salamu ndefu ya Kirundi, ile ya kumtakia mtu watoto na ng'ombe na amani, neno juu ya neno, bila haraka. Glovu haikuvuliwa, na mimi niliyekuwa nimeshika taulo sikuona kilichopungua.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha hayakuishia hapo.

Tulipokuwa tumesharudi Louisville, Hakizimana akapiga simu. Mama ana homa. Kipimo kimeonyesha mistari miwili, ni corona. Mke wa Hakizimana naye alikuwa akikohoa tangu arusi waliyohudhuria baada ya sisi kuondoka, na Agata alijipima akawa mzima, nami pia. Nilimwambia hayo yote. Ni kama nilikuwa naliambia friji. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mikono ameikalia, akasema, "Ni mimi."

Sikwenda kazini. Nilitandika blanketi pale sakafuni nikakaa naye, nikapika uji asiounywa. Daktari wa Buffalo alimwandikia Bibi vidonge, na sindano ya chanjo ya msimu alikuwa ameshadungwa. Hakizimana alituma ujumbe kila mara: amelala, amekunywa supu, amelala tena. Agata alisoma kila ujumbe kwa sauti, na akimaliza anaanza upya. Nami niliogopa. Mimi ndiye niliyemwambia tuende.

Siku simu ilipolia na jina la mama yake likaonekana, hakutaka kuipokea. Nikaipokea mimi, nikaiweka mezani. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yenyewe.

"Agata! Nimekipata hicho kirusi. Kimenipiga, kikachoka, kimeondoka. Uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Nisikilize. Hata kingenishinda, ningeondoka nikiwa nimeogeshwa na mwanangu. Sylveri hakuipata hiyo. Si wewe uliyemnyima, Agata. Ulimpenda, ukafungiwa mlango. Umenisikia?"

Agata alilia kwa sauti, kilio kile cha matanga ambacho hatukumruhusu kukilia mwaka ule, na mimi nikalia naye, na mama yake kule Buffalo akatungoja tumalize. Hakutuharakisha.

"Haya," akasema mwishoni. "Hakizimana amejaribu kunisuka nywele, ameniharibu kichwa. Unakuja lini?"

"Wiki ijayo, Mama," Agata akajibu, bila kuniuliza mimi mwenye gari.