Ujumbe Usiovunjika na Udhu wa Shangazi

Tangu yatoke majibu ya kinyama kilichokatwa utumboni mwa shangazi kupimwa, sikulia. Nilisoma. Jioni nikitoka kazini nilikaa sebuleni kwangu Kibaha na makala za saratani ya utumbo mpana, kwa utulivu wa mtu anayesoma maelekezo ya pasi mpya. Digrii yangu ya baiolojia haijawahi kumsaidia mtu yeyote, mimi nikiwemo. Nikaona zamu yake ya kusaidia imefika.

Daktari alitaka kumpasua mapema, kabla uvimbe haujasambaa, na kumwekea mfuko wa kukingia choo, unaobandikwa tumboni kwa nje. Shangazi alikataa, hakusema kwa nini. Jumamosi nikaenda Kisarawe kumshawishi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya, hubiri."

Nikahubiri. Seli hunakili agizo kutoka kwenye jeni; nakala hiyo, RNA mjumbe, hutumika kutengeneza protini, kisha huvunjwa. Kuna protini za kuivunja na nyingine za kuilinda. Kwenye uvimbe kama wake mara nyingi walinzi huwazidi wavunjaji, nakala inadumu kuliko inavyotakiwa, na seli inaendelea kuisoma: kua, gawanyika, kua. Jeni yenyewe huenda haina kosa. Kwa kuwa yeye ndiye mpishi wa shughuli zote za mtaa, nikaongeza, "Ni kama agizo la kuongeza mchele kwenye pilau. Wageni wameshaondoka, jikoni bado wanamimina."

"Jikoni kwangu?"

"Mfano tu, shangazi."

"Katafute mfano jikoni kwa mama yako."

Akacheka peke yake. Nikaendelea hadi chai ikapoa. Nilipomaliza akauliza, taratibu, "Huo mfuko ukiwa unatoa choo muda wote, naswali vipi? Udhu utakaa?"

Hakuna makala iliyogusa swali hilo, na mimi mara ya mwisho kuswali ilikuwa Idi. Kumbe mwezi mzima alikuwa amebeba hilo tu, anaona haya kumuuliza daktari wa kiume.

Akampigia mwalimu wa darsa la akina mama, akaweka spika.

"Wewe una udhuru," mwalimu akasema. "Wakati ukiingia unajisafisha, unatawadha, unaswali. Kila swala ya faradhi na udhu wake."

"Hata kikitoka katikati ya swala?"

"Hata kikitoka. Maliza swala yako."

Shangazi akakata simu, akanigeukia. "Waambie wanipasue."

Nikapiga simu hospitali. Sauti yangu ilitoka kavu, kama naagiza mtungi wa gesi. Muuguzi akauliza mgonjwa ni nani yangu, nikajibu, akatupangia Jumatano. Nikakaa nikisubiri nihisi chochote, hata nafuu. Shangazi alishaingia chumbani, anauliza kwa sauti kama wodini wanaruhusu kanga zako mwenyewe.