Mkojo wa Kuazima

Kwetu Bariadi mvulana ambaye hajakojoa damu alihesabiwa bado mtoto. Hakuna aliyetufundisha. Tulijua tu, kama tulivyojua kwamba shamba la shule ni letu siku ya palizi na ni la walimu siku ya mavuno.

Jirani yangu wa dawati alianza kukojoa nyekundu tangu darasa la tano, na heshima yake ilimzidi kiranja. Mimi nilifika darasa la saba na sauti nzito, lakini bado natoa maji meupe. Ruba aliwahi kuniuma, nikaapa kutoogelea tena kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Sikujua kwamba kukwepa lambo na kukojoa meupe ni ndugu.

Mwaka huo akaja daktari wa figo kutoka Mwanza. Tulitegemea mashine kubwa. Akashusha darubini moja na kikapu cha vichupa vyenye namba. Jua likiwa utosini akatukimbiza mchakamchaka kuzunguka uwanja, ndipo tukakojoe. Alisema mayai ya kichocho hutoka vizuri mchana, mtu akishatikiswa.

Nyuma ya choo jirani yangu akanivuta shati.

"Nkoi, rafiki yangu, hawa watanidunga sindano. Nipe wako, chukua wangu."

Sikungoja arudie. Nilitoka na kichupa chekundu nimekiinua juu kama Mwenge.

Darasani daktari akachungulia darubini, akaita namba yangu. Akanipima presha. Akabonyeza mfupa wa mguu kwa dole gumba, aone kama kishimo kitabaki. Hakikubaki.

"Damu inakuja mwanzo au mwisho wa kukojoa?"

"Katikati, Ndugu Daktari," nikasema, kwa kubahatisha.

"Hm. Asubuhi uso unavimba?"

Aliyekuwa anavimba ni jirani yangu. Kila asubuhi tulimuuliza kama amelalia mzinga wa nyuki.

Daktari akachora ubaoni maharage mawili, mirija miwili na mfuko. "Minyoo ya lamboni inakaa huku kwenye kibofu, inaacha makovu. Njia ikiziba, mkojo unarudi juu mpaka kwenye figo. Na figo haipigi kelele, kijana. Ng'ombe akiumwa utamwona amelala. Figo inaharibika kimyakimya, mwenyewe unacheza mpira." Akanihesabia vidonge. "Mwenye mkojo huu asipotibiwa sasa, atakuja kuniona wakati sina la kumfanyia."

Dirishani jirani yangu alikuwa ananikonyeza kwa jicho lililovimba. Vidonge ninavyo mkononi, heshima inaningoja nje. Miguu ilishageuka kuelekea mlangoni.

"Ndugu Daktari," nikasema, "huu mkojo nimeuazima."

Alivua miwani. Alisema ameona watu wakiazima jembe, maksai, hata suruali ya harusi, lakini hili ni geni kwake. Mwalimu wa zamu hakuona cha kuchekesha. Alinipa viboko vinne papo hapo.

Jirani yangu akaletwa. Kwake kishimo cha dole gumba kilibaki mguuni, na daktari akaacha utani. Vidonge leo na vingine kila baada ya wiki mbili. Chumvi apunguze. Lambo marufuku. Arudi kupimwa, asiporudi afuatwe nyumbani.

"Na sindano?" akauliza, machozi karibu.

"Sindano kakwambia nani?"

Njia nzima ya kurudi kijijini alitapika vichakani kwa ukali wa vidonge na kunitukana, kwa zamu. "Umeniuza wewe. Afadhali ningekufa mwanaume."

"Kufa utakufa," nikamwambia, "ila si kwa namba yangu."

Alimeza vyote, maana kila awamu nilikaa mbele yake mpaka ameze, kisha nikamfungua mdomo kama anayekagua meno ya ng'ombe mnadani. Baada ya awamu ya mwisho akaniita pembeni mwa shamba la pamba, nishuhudie. Mkojo ulikuwa safi, hata siafu hawakuustukia. Uvimbe nao ulishaondoka usoni, na ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile uvimbe ulikuwa unamsitiri ubaya wa sura. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanikimbiza mpaka barabara ya Maswa, na hakuchoka.