Wanataka Niandike Kwamba Mwanangu Amekufa

(Jina la bibi huyu na la kijiji chake tumeyaficha, kama alivyotuamuru. Maneno ni yake.)

Miaka yangu msiniulize, nahesabu kwa wajukuu, na wa kwanza ameshaota ndevu. Ni mjane, nakaa kijiji cha ujamaa huku Biharamulo. Kusoma nimejifunza uzeeni, darasa la watu wazima, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mkiona imekosewa nyamazeni. Wangapi kati yenu mama zenu wanaandika?

Tulipohamishwa kuja hapa niliacha migomba yangu na kaburi la mume wangu. Wajane na wazee tukapewa nyumba za kijiji, za bati, zimepangwa mstari mmoja. Nyumba si yako, unakaa mradi unalipa ada ya huduma: mashine ya maji, mlinzi, usafi wa vyoo. Ada yenyewe tulilipa kwa jembe. Kila nyumba, siku moja kwa wiki katika shamba la kijiji. Sikukosa hata mara moja, na asiyeamini aje aulize.

Vita ya nduli wa Uganda ilipoanza, mwanangu wa mwisho, ambaye nilikuwa nakaa naye, alikuwa mgambo. Wakamchukua. Vita imekwisha, wenzake wamerudi wamepigiwa ngoma. Wangu bado. Barua hakuna, na hakuna mtu wa jeshi aliyekuja kuniambia lolote.

Sasa juzi tukaitwa mkutano. Mwenyekiti akasema dizeli imepanda, mashine imeharibika, kwa hiyo ada inapanda. Siku tatu kwa wiki! Tena si kwa nyumba, ni kwa kila mtu mzima aliyeandikwa kwenye daftari. Nyumba yangu imeandikwa watu wawili, mimi na mwanangu. Hizo ni siku sita. Ya saba niko kanisani. Shamba langu mwenyewe nilime lini? Na atakayeshindwa anatolewa, nyumba anapewa mwingine.

Nikasimama. "Wewe mwenyekiti, magoti haya unayaona? Na zamu ya mtu asiyekuwepo ataifanya nani, nzi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Bibi, njoo ofisini kesho."

Nikaenda. Karani akaniamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Semeni, nimeacha maharage jikoni."

Mwenyekiti akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. "Mama, tunataka kukusaidia. Mjane mzee anayeishi peke yake, ada yake inabaki siku moja. Lakini kwenye daftari hauko peke yako."

"Basi mfuteni kijana."

"Hafutwi hivi hivi. Lazima tuandike sababu. Ama ametoroka, ama amekufa."

"Andikeni yuko vitani."

"Vita imekwisha, mama."

Ametoroka? Mwanangu? Nikamwambia karani akiandika neno hilo nitaivunja kalamu yake na vidole vyake. Basi akanisogezea karatasi nyingine. "Hapa, bibi. Andika jina lako tu, kwamba mwanao amefariki."

Kalamu niliishika. Sitawadanganya, niliishika. Nikaandika herufi mbili za jina langu, mkono ukakataa. Nikaiweka chini nikatoka bila kuaga. Karatasi ile bado iko mezani kwao, na herufi zangu mbili.

Nyie wa mjini mtaona ni ushamba. Kwetu mtu akishatangazwa amekufa, moto wa nyumba unazimwa, majivu yanatupwa, wanawake tunanyoa. Mtu aliyeliliwa hivyo akirudi, haingii kwa mlango. Mume wa shangazi yangu alikwenda Uganda kulima pamba, akapotea miaka mingi, wakamlilia. Siku aliporudi na baiskeli yake, ilibidi watoboe paa la nyasi wamwingize kwa juu. Hakumaliza msimu, akafa kweli. Niliona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Na nyumba yangu ni ya bati. Nitatoboa wapi?

Tangu siku ile naogopa hata moto wangu. Nikienda kuteka maji narudi mbio, na magoti haya, nisije nikakuta umezimika wenyewe.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niombe jina lifichwe. Mwezi uliopita alikuja kijana wa Ntobeye, kule Ngara. Alikuwa kikosi kimoja na mwanangu. Akakaa, uji niliompa hakuugusa. Akaanza, "Mama, tulipokuwa tunavuka mto, mwenzangu alikuwa nyuma yangu..."

Nikainuka nikamtukana. Nikamwambia kama amefuata uji wa wajane arudi kwao. Akachukua kofia yake, akasema, "Nitakuja siku nyingine, mama." Hajaja tena.

Alikuwa nyuma yake, halafu? Aliumia? Alipotea njia? Alishikwa? Mimi ninayemkemea kila mtu hapa kijijini, nilimkimbia mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwenyekiti amenipa mpaka siku ya soko. Nikilima siku sita nitaanguka huko huko shambani. Nikitolewa sina pa kwenda, binti zangu wako kwa wakwe zao. Nikimalizia jina langu pale ofisini, naona kama ni mimi nitakayekuwa nimemuua. Na nikienda Ntobeye, yule kijana atamalizia maneno yake, na yakishasemwa sitaweza kuyarudisha.

Msinitumie pole, pole siipiki. Nyie mlio na watoto waliokwenda na hawajarudi, mlifanyaje? Nishaurini. Ila katika majibu yenu, nawaomba sana, mtu asimwite mwanangu marehemu.