Unga Ambao Bibi Hakuutoa

Sogea karibu, ndugu yangu unayesoma, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, maana leo nitasema kwa hasira na sitaki ujimwagie. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kueleza mambo polepole. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na asiye na subira darasani humo hafiki hata Pasaka. Lakini mwezi uliopita nilirudi kwetu Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu, na ibada ilipokaribia kwisha mzee mmoja wa kanisa, ambaye sasa anashikwa mkono kupanda madhabahuni, aliombwa aseme neno juu ya waumini wa zamani. Akamtaja bibi yangu, mzaa mama. Akasema bibi alikataa kulitolea ziwa sadaka wakati mwalo mzima ulipomshurutisha. Hapo alisema kweli. Kisha akatoa leso, akafuta macho, akasema, "Na sisi wazee wa kanisa tulisimama naye."

Watu wakapiga makofi. Nje ya mlango nikamwamkia, kwa sababu nililelewa hivyo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Nimemsema vizuri bibi yako, sivyo?"

Nikatabasamu kama mjinga, nikaondoka. Tabasamu lile linanichoma mpaka leo. Kwa hiyo nakueleza wewe jinsi ilivyokuwa, maana nilikuwepo, na hakuna mzee wa kanisa aliyesimama na mtu.

Tuanze na mwalo wenyewe. Mwalo ni ufuko ambapo mitumbwi huleta samaki, na wa kwetu ulikuwa chini kidogo ya nyumba ya bibi, njia ya mteremko unayoweza kuishuka huku unatafuna muhogo na ukafika kabla haujaisha. Asubuhi wavuvi walirudi na taa zao za karabai zimezimwa, nyuso nyeusi kwa moshi, na akina mama wakawapokea kwa mabeseni. Dagaa wabichi wa Tanganyika wanang'aa kama sindano mpya. Unawamwaga juu ya mchanga uliofagiliwa, unawatandaza wasilaliane, kisha unakaa nao. Watu hudhani kuanika dagaa ni kumwaga na kwenda zako. Hapana. Kunguru yupo, bata wa jirani wapo, wingu dogo linaweza kutokea upande wa Kongo na kukuharibia siku nzima. Jua likipanda unawageuza kwa ufagio laini. Ukiwageuza mapema wanakatika vichwa, ukichelewa wananuka. Bibi alinifundisha kuwasikiliza: dagaa aliyekauka, ukimfagia, anatoa sauti kama majani makavu.

Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mchanga, kimezungushiwa mawe. Hakukuwa na karatasi wala mhuri. Ulikipata kutoka kwa mama yako au mama mkwe wako, na hakuna aliyethubutu kuvuka mawe ya mwenzake, hata kwa ufagio. Cha bibi kilikuwa karibu na jabali, mahali penye jua refu. Chakula chetu kilitoka pale, daftari zangu zilitoka pale, na harufu ya nguo zangu pia, jambo ambalo wenzangu shuleni hawakuacha kunikumbusha. Mchana tulikula ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, bibi akishukuru kwanza kwa maneno yale yale ya Kiha, akimwita Mungu Imana, taratibu kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Alikuwa na msemo wake: "Imana si mgeni, usimwandalie sahani mbili." Nilidhani anazungumzia vyombo.

Nilipokuwa na miaka tisa, dagaa wakapotea. Nikueleze kidogo: kwetu watu huvua mwezi ukiwa haupo, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi mpevu ukiwaka taa haina kazi. Basi siku za giza zikaja, nyavu zikapanda na vijisamaki vya kujaza kofia. Giza la pili likaja, hivyo hivyo. Wazee walijua kwamba miaka mingine huwa hivyo. Lakini njaa haina kumbukumbu, na mwenye mitumbwi mikubwa pale mwaloni, tuliyemwita Tajiri, akaleta mganga kutoka mbali.

Mganga akasema ziwa limefungwa, limenyimwa haki yake. Kila nyumba inayokula kutoka mwalo ule ilete konzi moja ya unga mweupe, mtu wa nyumba hiyo aumwage katika ungo na kuitaja nyumba yake, kisha unga wote utiwe ziwani pamoja na damu ya kondoo. Ikibaki nyumba moja, kazi yote ni bure.

Ona ujanja huo. Ingekuwa kila mtu na lake, bibi angekataa na kuachwa. Lakini kwa sharti lile, kukataa kwake kulikuwa njaa ya watoto wa wenzake. Na hao waliokwenda na konzi zao niliwajua. Niliwaona kanisani Jumapili na wengine niliwaona wakitoka msikitini Ijumaa. Sijasahau hata mmoja.

Bibi alisema hapana. Hakupiga kelele. Alisema, "Huyo ninayemwomba chakula ndiye aliyeliumba hilo ziwa. Siwezi kumruka nikaenda kuliomba ziwa lenyewe."

Yakaanza. Tukishuka na beseni, akina mama wanaacha kuzungumza. Mmoja, aliyekuwa akisuka nywele zangu kila Jumamosi, alisema kwa sauti, "Haya, mpisheni Mama Mtakatifu! Leo dagaa wake wanashuka kutoka mbinguni na chumvi yake." Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Mwacheni, yeye hali. Anakula Zaburi." Wakacheka zaidi. Siku nyingine kicheko kikaisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilimsikia mvuvi mmoja akiuliza kwani bibi kizee mwenye macho mekundu anayelinyima ziwa unga, tunamwitaje? Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, kama ya kila bibi wa pale. Lakini hata mimi, mtoto, nilijua neno lililokuwa likizungushwa ni lipi, na nilijua kwamba bibi kizee akishaitwa mchawi hana pa kukimbilia.

Mzee wa kanisa, yule yule, alikuja nyumbani alasiri moja. Na yeye alikuwa na mtumbwi. Alikalia kigoda chetu, akala karanga zetu, akasema, "Mama, ni unga tu. Unga si sanamu."

"Ni unga tu nikipika," bibi akajibu.

"Sisi wengine tumetoa. Mungu anaujua moyo."

"Basi na mkono anauona."

Akaondoka na karanga mdomoni. Kesho yake akanisubiri njiani nilipokuwa nikitoka kuchota maji. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akanishika bega kwa upole. Upole ule ndio nisioweza kuusamehe. "Unampenda bibi yako? Unataka afukuzwe mwaloni, au wamfanye vibaya zaidi? Wewe ni mtoto, huna dhambi. Leta konzi ya unga, taja nyumba yenu, basi. Usimwambie. Mungu anaelewa."

Nikafanya. Nilichota unga wa muhogo kwenye chungu bibi akiwa bondeni anachuma matembele, nikashuka nao nimefumba ngumi. Mganga aliuliza, "Nyumba ya nani?" Nikataja jina la bibi. Unga ulikuwa umelowa jasho, ukaanguka katika ungo kama donge. Nikarudi mbio, na nakwambia ukweli, njiani nilijiona shujaa.

Giza lililofuata dagaa wakarudi, kama walivyorudi miaka mingine bila kondoo wala unga. Mwalo ukawa sherehe. Na bibi akapendwa ghafla. Wakampokea beseni, wakamwita mama bila utakatifu. Tajiri mwenyewe akamwambia, "Umefanya jambo la busara, mama, kutii wenzako."

"Nimetii nini?"

"Unga wako. Tumeupata."

Bibi aliinamia ufagio wake. Aliwageuza dagaa wake mpaka wakakauka, akawakusanya, tukapanda. Nyumbani akanikalisha mbele yake. Sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Nililia, nikasema yote, na nani kanituma. Nilingoja fimbo. Badala yake alinivuta, akakiweka kichwa changu kwenye paja lake, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hukukosa wewe. Umebebeshwa mzigo wa watu wazima."

Sasa simama hapa kidogo uone alipokuwa bibi yangu. Mawe yake yalikuwa mahali pake. Jina lake lilikuwa limesafishwa. Moyoni alijua, na Mungu alijua, kwamba hakutoa kitu. Angenyamaza tu. Nani angemlaumu? Usiku na mchana nimejiuliza kama mimi ningenyamaza, na jibu langu silipendi.

Kesho yake, jua la saa nne, mwalo umejaa, alifunga kanga kiunoni, akanishika mkono. Tulisimama katikati ya mchanga wake. "Jamani, nisikilizeni," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Unga mliopokea kwa jina langu si wangu. Sikuutoa na sitautoa. Huyu mtoto alitishwa na mtu mzima. Aliyemtisha yupo hapa, naye anajijua. Msije mkasema nilipiga magoti mahali pawili."

Akamtazama mzee wa kanisa. Nami nikamtazama. Yule mzee aliokota wavu, akaanza kutafuta tundu. Wavu ulikuwa mpya, haukuwa na tundu lolote, nao ukamshughulisha sana.

Hiyo ndiyo siku ambayo anasema walisimama naye.

Tajiri akasema kwamba asiyekuwa wa mwalo aondoke mwaloni. Vijana wakaja, wakayaokota mawe ya bibi moja moja wakayatupa majini, na kila jiwe lilitoa sauti yake. Msusi wangu akatandaza dagaa wake pale kabla ya adhuhuri.

Aliyetuita alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane Mwislamu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Yeye hakuwa akiuza dagaa, kwa hiyo hakuna aliyemdai unga. Alimkuta bibi amekaa mlangoni, beseni tupu miguuni. "Dada, mikeka yangu ile ya zamani ipo tu," alisema. "Mungu wangu hana mshirika, na wako umekataa kumpa mshirika. Njoo uanike uani kwangu, kunguru wa huku wana adabu." Bibi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Lakini wavuvi hawakumuuzia tena dagaa. Akageukia michikichi. Aliponda chikichi kwenye kinu, akachemsha mafuta, akakamua kwa mikono ile ile, na mikono ikaungua, ikakauka, ikapasuka. Nilisoma kwa mawese badala ya dagaa. Hakuwahi kurudi mwaloni, na hakuwahi kunikumbusha konzi ile.

Leo ukifika pale humkuti tena mwanamke akifagia mchanga. Dagaa huanikwa juu ya chanja za wavu, jambo zuri, dagaa hawana mchanga tena. Tajiri amekufa, jirani yetu amekufa, uani kwake pamejengwa vyumba vya kupangisha. Sauti ile ya majani makavu sijaisikia miaka mingi. Hayo nayakumbuka kwa huzuni ya kawaida, kama mtu yeyote aliyekua.

Hasira yangu ni ya jambo jingine. Ni kwamba watu wale hawakumkosea Mungu kwa kutomjua. Walimjua, wakamwimbia, kisha wakamwambia mwanamke mmoja aliyemshika kwamba anawasumbua. Na sasa, akiwa kaburini na hawezi kumsumbua mtu, wanamtundika ukutani kama kalenda. Bibi hakuhitaji makofi ya mwezi uliopita. Alihitaji, asubuhi moja ya jua kali, mtu mzima mmoja wa kanisa lake avuke mchanga aje asimame upande wake wa kushoto, maana upande wa kulia nilikuwepo mimi, na nilikuwa na miaka tisa.

Najua nimesema kwa ukali, na wewe hukunikosea kitu. Naamini unaweza kufanya ambacho wao hawakufanya, na si kigumu. Mtaani kwako au kazini kwako yupo mtu ambaye wiki hii anachekwa na kutengwa kwa sababu amekataa kufanya ambacho Mungu wake amemkataza. Unamjua. Kesho asubuhi, watu wakiwa wanaona, nenda ukaketi karibu naye.